Katibu na Kodi Mbili

Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza, nyuma ya dirisha linalotazama reli, siku hizi hakuna kinachosikika ila vijiko ndani ya vikombe. Wanaokunywa kahawa pale husifu utulivu wa mahali, na hawana sababu ya kujua kwamba utulivu wenyewe una umri wa miezi michache tu. Wanaoujua ni wapangaji wa zamani. Muuguzi wa ghorofa ya tatu, aliyezoea kulala mchana baada ya zamu huku mlio wa cherehani ukipanda kutoka chini kama mvua isiyokatika, alishinda macho makavu wiki mbili nzima. Fundi viatu, ambaye kwa miaka kumi na tisa alilalamika kwamba mlio ule unamtoboa dari na kichwa kwa pamoja, aliulizwa na mteja kwa nini kila mara anainua uso kutazama juu. Akasema anaangalia kama panavuja.

Aliyekuwa akishona pale ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi wa kudarizia. Nyumba nzima ilimwita Katibu. Cheo hicho hakukigombea. Zamani, pampu ya maji ilipoharibika, wapangaji wa familia kumi na moja walikutana kwenye ngazi ili kumwandikia mwenye nyumba, na mtu akauliza nani ana kalamu. Yeye hakuwa na kalamu. Alikuwa na chaki ya kukatia nguo sikioni. "Uongozi wangu wote ulianza hivyo," husema mwenyewe. "Wengine walichaguliwa kwa kura, mimi nilichaguliwa kwa sikio."

Lakini alipokwisha kupewa, alikipenda. Alikuwa na mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye mstari, na alipenda maneno yanayovaa suti: kwa mujibu wa, tajwa hapo juu, bila kuathiri yaliyotangulia. Hata kikaratasi alichomwachia shangazi yake mezani asubuhi kilianza kwa kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: YAHUSU: MAZIWA.

"Maziwa yenyewe yalichacha nikiwa bado nasoma utangulizi," shangazi alimwambia siku moja.

Huyo shangazi, dada mkubwa wa baba yake, aliishi naye kwenye vyumba vile viwili vya kona: cha mbele cha cherehani na meza ya kukatia, cha nyuma cha vitanda viwili na kabati. Alikuwa na miaka themanini na kitu, ulimi mzima na magoti mabovu. Na ni magoti hayo, wala si kitu kingine cha kishujaa, yaliyoleta treni.

Kwa maana treni ilipita chini ya dirisha lao kila baada ya robo saa bila kusimama. Ilipita karibu kiasi kwamba Katibu aliweza kuona kola za abiria na kujua ipi imegeuzwa kuficha uchakavu. Lakini ili kuipanda ilibidi utembee nusu saa hadi kituo cha jirani, na kliniki ya shangazi ilikuwa ng'ambo ya mji. Siku moja katikati ya safari hiyo shangazi aliketi ukingoni mwa barabara, akapanga miguu yake kama anayepanga kuni, akasema, "Mimi nimefika. Wewe nenda kliniki, uwaambie magoti yanaendeleaje."

Katibu alirudi nyumbani akaandika barua ya kwanza. Ziliandikwa kumi na nne kwa miaka minane, na zote zilijibiwa kwa sentensi moja: Barua yako imepokelewa. Alipoona barua hazitoshi, akageukia saini. Hakuna suruali iliyotoka chumbani mwake bila mwenyewe kutia saini kwamba kituo kinahitajika. Kuna bwana mmoja alitia saini mara tatu, kwa kuwa alikuwa na suruali tatu. Katibu alilijua hilo, akaliacha. Alijiambia kwamba kila suruali ina haki ya kusafiri.

Na kituo kikajengwa. Mpaka leo hana hakika kama ni kwa sababu yake au kwa sababu mtu fulani ofisini alikuwa na ramani yake mwenyewe, lakini siku ile hakutaka kujiuliza. Manispaa ilimwomba ashone utepe wa uzinduzi. Akaushona kwa heshima zote, akauwekea bitana ndani na mshono mara mbili pembeni, na mgeni rasmi alipoukata kwa kile kimkasi cha dhahabu, utepe ulikunjamana tu, ukakataa. Watu wakapiga makofi mara ya kwanza, wakapiga ya pili kwa huruma. Mwishowe Katibu akaitwa kutoka nyuma na mkasi wake wa kazi. Kwenye picha iliyotoka gazetini unaonekana mkono wake hadi kiwiko.

"Huo ndio mchango wangu kwa historia," husema. "Kiwiko."

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Shangazi alikwenda kliniki kwa dakika kumi na moja, peke yake, na kurudi akitoa taarifa za abiria wenzake kana kwamba amezunguka dunia. Kisha mabango yakaanza kutundikwa kwenye nyumba za mtaani: CHUMBA KINAPANGISHWA, DAKIKA TATU KUTOKA KITUONI. Katibu alipita akiyasoma kifua mbele. Dakika zile alizileta yeye! Alichelewa kuona kwamba dakika zilikuwa zikiuzwa. Duka la nyuzi na vifungo alikonunua vitu tangu ujana likawa duka la mimea ya kuweka sebuleni. Nyumba ya jirani ikapakwa rangi ya kijivu, na watu waliokaa humo wakatoka mmoja mmoja, magodoro yamefungwa kamba, mbele ya wengine waliokuja na mabegi yenye magurudumu.

"Sisi hatuguswi," Katibu aliwaambia wenzake kwenye ngazi, maana hofu ilikuwa imeshaingia. Mikataba yao ilikuwa ya zamani, ya enzi za baba wa mwenye nyumba, na yeye alikijua kifungu cha sita kwa moyo: mpangaji atatoka kwa njia mbili tu, ama kwa hiari yake mwenyewe, ama akikaa miezi mitatu mfululizo bila kulipa kodi. "Mna hiari ya kutoka? Hamna. Mnalipa kodi? Mnalipa. Basi mtu asiwatishe."

Alikuwa sahihi kabisa. Yeye hukiri kwamba ilikuwa mara ya mwisho kuwa sahihi mwaka ule.

Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole wa umri wa kati, asiyewahi kupaza sauti, na ambaye kila ukimwambia jambo hujibu, "Taratibu, taratibu," kama anayembembeleza punda. Mwaka ule alisimamisha majukwaa ya mafundi mbele ya nyumba na kuanza kukwangua ukuta. Wiki hiyohiyo manispaa ikabandika tangazo getini. Katibu alilikuta asubuhi akitoka kununua zipu. Alirudi juu bila zipu, akagonga milango yote.

Walikusanyika ngazini kama kawaida, wengine na miswaki mdomoni. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kutangaza mshindi:

"Eneo la Maendeleo ya Kituo. Nyumba zote zitakazokarabatiwa katika eneo hili zitapata msamaha wa kodi kwa kipindi cha miaka saba."

Muuguzi, aliyekuwa bado na sare, akauliza polepole, "Soma tena hapo kwenye msamaha."

Akasoma tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa "masharti yazingatiwe", lakini hapo hakufika.

Fundi viatu, mzee mwenye vidole vilivyokolea weusi wa rangi ya viatu, alikuna kidevu. "Kodi gani?"

"Unasemaje?"

"Nauliza, dada. Kodi gani hiyo inayosamehewa?"

Katibu alimtazama juu ya miwani kwa namna ambayo baadaye ingemnyima usingizi. "Fundi, kwani wewe unajua kodi ngapi? Kodi ni ile inayokufanya upite kwa mlango wa nyuma kila tarehe tano." Watu wakacheka. Akazidi kupata moto. "Kingekuwa kitu kingine wangeandika ushuru. Angalia." Akafungua mkataba wake aliokuwa nao mkononi, kwa sababu yeye ni mtu wa kutembea na mkataba. "Kifungu cha sita: bila kulipa kodi. Tangazo: msamaha wa kodi. Neno ni lilelile, herufi nne zilezile! Nyumba inakarabatiwa, haikarabatiwi?"

"Inakarabatiwa," watu wakaitika, wakitazama majukwaa.

"Serikali imeona treni imepandisha maisha, ikasema wapangaji wapumzike. Ndiyo faida ya kuandika barua."

"Serikali imeona hayo yote peke yake?" fundi viatu aliuliza.

"Nimeisaidia."

Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, alisema tu, "Mwanangu, mimi nimeishi miaka mingi. Wa kunisamehe dhambi nimesikia. Wa kunisamehe kodi, bado." Lakini shangazi alikuwa mtu wa kupinga kila kitu, hata hali ya hewa, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Kisha Katibu akafanya lile jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliketi akaandika barua ya shukrani. YAHUSU: SHUKRANI ZA DHATI KWA MSAMAHA WA KODI. Alimshukuru mwenye nyumba kwa moyo wake wa kizalendo wa kukarabati, akamhakikishia kwamba kuanzia mwezi huo wapangaji wake hawatamletea kodi tena, kwa mujibu wa tangazo tajwa hapo juu, na kumwombea afya. Wapangaji wote kumi na mmoja wakatia saini. Fundi viatu alitia ya mwisho, akinung'unika. Barua ikapelekwa kwa mkono, ikapokelewa.

Mwezi wa kwanza ukapita. Muuguzi akanunua kitanda chenye godoro la kueleweka. Familia ya ghorofa ya pili ikatengeneza meno ya babu. Katibu akaifungia cherehani yake mota ya umeme, baada ya miaka thelathini ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia uliendelea kupigapiga sakafu wenyewe kwa mazoea. Mwezi wa pili alikutana na mwenye nyumba ngazini, akamshukuru kwa mdomo pia, maana shukrani ya maandishi peke yake ni kavu.

Mwenye nyumba alimtazama kwa muda. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani na anangoja kuona kama mwenyewe atarudi kukichukua.

"Taratibu, mama," akasema. "Taratibu." Akapanda juu.

Mwezi wa tatu ukapita. Siku ya pili ya mwezi wa nne zikaja bahasha kumi na moja za kahawia, kutoka kwa wakili. Kila mpangaji alipewa siku thelathini kuondoka, kwa kuwa alikuwa ameshindwa kulipa kodi ya pango kwa miezi mitatu mfululizo, na kwa kuwa alikuwa amekiri hivyo kwa maandishi.

Maneno mawili yalimsimamisha Katibu: ya pango. Mtu alikuwa amechukua tabu ya kuongeza "ya pango", na mtu haongezi bitana pasipo na nguo mbili za kutenganisha. Alipanda treni, kituo chake mwenyewe, hadi manispaa. Karani wa dirisha la saba alikuwa binti mchangamfu mwenye kucha ndefu.

"Hiyo ni kodi ya majengo, mama. Anayolipa mwenye nyumba kwa serikali. Akikarabati karibu na kituo, anasamehewa, ili avutike. Nyinyi wapangaji hamhusiki."

"Lakini imeandikwa kodi."

"Ndiyo. Kodi."

"Kodi gani?" Katibu akasema, na palepale akaisikia sauti ya fundi viatu ikitoka kinywani mwake, na kidevu chenyewe akikikuna.

Kurudi alikosa kushuka. Treni ilisimama kituoni kwake, milango ikafunguka, ikamngoja, ikafungwa, naye amekaa palepale akitazama dirisha lake likipita. Alishuka kituo kilichofuata, akatembea nusu saa kama zamani. Alisema baadaye kwamba aliihitaji ile nusu saa yote, kwa sababu dakika ishirini za mwanzo alizitumia kuilaumu lugha, iliyowapa watu neno moja kwa vitu viwili, na dakika tano kumlaumu aliyebandika tangazo. Zilizobaki zilikuwa zake.

Aliwaambia wote jioni ileile, amesimama ngazi ya chini, maana hakujiona wa kusimama ya juu. Hakutumia hata neno moja lenye suti. Alisema: "Nimekosea. Zilikuwa kodi mbili. Nimewapeleka kwenye njia ya pili ya kifungu cha sita, tena kwa saini."

Palichafuka. Mama wa ghorofa ya pili alilia waziwazi. Mwanamume mmoja alisema wanawake wanaojua kusoma ndio huponza watu, mkewe akamwambia yeye asiyejua kusoma alitia saini kwa dole gumba kwa haraka kuliko wote. Muuguzi aliketi tu. "Mimi nina kitanda kipya," alisema, kwa sauti ndogo, "na sina pa kukiweka."

Fundi viatu alisubiri wamalize. "Niliuliza," akasema.

"Uliuliza, fundi."

"Neno moja nililiuliza. Watu wakacheka."

"Nilicheka na mimi."

"Wewe ndiye uliyewachekesha, Katibu." Akaingia ndani akafunga mlango, na kwa siku nyingi nyundo yake haikusikika.

Usingeweza kusema kwamba Katibu alipanga jambo. Alichofanya ni kwenda manispaa tena, kwenye dirisha la saba, na kuomba kanuni za msamaha, zote, pamoja na zile herufi ndogo. Zilikuwa kurasa arobaini na mbili. Alizisoma siku nne kwa rula, mstari kwa mstari, akipigia chaki pembeni. Kila alipofika kwenye neno kodi aliandika juu yake M au P, majengo au pango, kama mtoto anayejifunza kushoto na kulia.

"Sasa ndiyo unasoma?" shangazi alimuuliza kutoka kitandani.

"Sasa, shangazi."

"Hata hivyo si mbaya. Umeanza na miaka hamsini na minne. Wengine huanza na sitini."

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja alikuta alichokuwa hajui anakitafuta. Mwenye nyumba hatapata msamaha mpaka atimize mawili kabla ya mwaka wa fedha kuisha: awe amekarabati na kufungua kwa biashara angalau sehemu moja inayotazama kituo, na asiwe na mgogoro wowote wa nyumba mbele ya baraza. Mwaka wa fedha ulikuwa umebakiza wiki tisa. Alisoma mara tatu. Kisha akainua macho akatazama dirisha lake, na reli nje yake, na jukwaa la kituo ng'ambo ya reli, na akaelewa kwamba katika nyumba nzima palikuwa na sehemu moja tu inayotazama kituo na kufaa biashara, kwa kuwa chini ukuta wa reli uliziba na juu mteja hapandi, na yeye alikuwa ameikalia.

Hakumwambia mtu. Alishona mchana kutwa, mapindo ya mapazia ya mteja mmoja wa zile nyumba za kijivu, na kichwani alishona na kufumua jambo moja tu. Wapangaji wakipigana barazani kwa umoja wao, mwenye nyumba angeukosa msamaha wa mwaka ule. Lakini barua ya shukrani ilikuwapo, na hatimaye wote wangeondoka, yeye na kitanda cha muuguzi na meno mapya ya babu. Kulikuwa na mlango mmoja mwembamba, na ulipita kwenye kona yake.

Wapangaji walipinga kuondoka, na baraza la migogoro ya nyumba likakaa katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Aliishika ile barua kwa ncha za vidole.

"Nani aliandika hii?"

Katibu akasimama. "Mimi, mheshimiwa."

Mwenyekiti akaisoma yote kwa sauti. Alipofika kwenye "moyo wako wa kizalendo", mtu nyuma alikohoa ili asicheke. Alipofika kwenye "tunakuombea afya", ukumbi ukaangua kicheko, hata mwandishi wa baraza, hata mpangaji mmoja au wawili waliokuwa wakikaribia kulala nje. Katibu alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyenaswa na mvua bila mwavuli, na alipoona hakiishi, akacheka na yeye. Kwa kweli ilikuwa inachekesha. Hakuwahi kuisikia ikisomwa na mtu mwingine.

Wakili wa mwenye nyumba alisimama. "Mheshimiwa, hawa walikataa kulipa. Ushahidi ni huo."

"Mtu anayekataa kulipa hashukuru," Katibu alisema. "Hawa hawakukataa. Waliniamini mimi. Kosa lao ni hilo, na ninaliandika kwa jina langu. Walikuwa na mtu mmoja aliyeuliza swali la maana, nikamfanyia mzaha mbele ya watu. Naomba liandikwe hilo pia."

Mwandishi akamtazama mwenyekiti. "Liandikwe," mwenyekiti akasema, na akatoa mapumziko ya nusu saa.

Kwenye ushoroba wapangaji walijipanga kwenye benchi. Muuguzi alikuwa amesinzia, kichwa ukutani. Fundi viatu alikuwa amevaa viatu ambavyo Katibu hakuwahi kuviona, vinang'aa kama kioo, viatu vya mtu aliyejiandaa kufukuzwa kwa heshima. Katibu alivitazama vile viatu kidogo. Kisha akamfuata mwenye nyumba dirishani.

"Bwana, nimesoma ukurasa wa thelathini na moja."

Mwenye nyumba alimtupia jicho wakili wake.

"Zimebaki wiki tano. Hawa wakikata rufaa, mgogoro utavuka mwaka. Mimi ndiye ninayeandika rufaa zao, na unajua mimi huandika kwa urefu."

"Taratibu, mama."

"Taratibu huna, bwana. Unayo haraka, tena kubwa. Nakupa kona. Natoka kwa hiari, wiki hii. Unawaachia hawa kumi mikataba yao, kodi ileile, miaka saba, sawasawa na miaka yako na serikali. Deni la miezi mitatu watalipa kidogo kidogo."

Mwenye nyumba alimtazama kwa uso uleule wa ngazini. "Na wewe utakwenda wapi?"

"Hilo si katika masharti."

Akafikiri kwa muda mrefu, au alijifanya kufikiri. "Wewe mama," akasema mwishowe, "ungekuwa umezisoma hizo kurasa miezi minne iliyopita, tusingekuwa hapa."

"Ungekuwa umeniambia ngazini, vilevile."

Hapo akainamisha kichwa, na hicho ndicho kitu pekee kilichowahi kufanana na kuomba radhi.

Makubaliano aliyaandika Katibu mwenyewe, mezani kwa baraza. Kila palipotakiwa neno kodi aliandika: "kodi ya pango, yaani ile ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na wala si nyingine yoyote chini ya jua." Wakili alisema "chini ya jua" si lugha ya sheria. Mwenyekiti alisoma, akafikiri, akasema waache, itawasaidia wengine.

Wenzake walipoambiwa, si wote waliomshukuru, na yeye anasema waliomshukuru ndio waliomtia aibu zaidi. "Nilivunja sahani kumi na moja za watu, nikalipia moja, tena yangu," husema. "Hapo shujaa ni nani?" Muuguzi alimkumbatia akamlowesha bega. Mama wa ghorofa ya pili hakumsemesha, na hajamsemesha mpaka leo. Na mmoja kati ya wale kumi, yule aliyetia saini kwa dole gumba, hakumaliza hata miezi sita: mwenye nyumba alimpa fedha akaondoka kwa hiari yake, na hilo lilimuuma Katibu kuliko bahasha ya kahawia.

Siku ya kuhama, fundi viatu alipanda bila kuitwa, akaibeba cherehani peke yake, mzee wa miaka sitini na tano, ngazi zote hadi kituoni. Aliitua jukwaani akifuta jasho.

"Haya. Ulisema huu mlio unakutoboa kichwa," Katibu alimwambia.

"Ulinitoboa."

"Basi pumzika."

"Nitapumzika." Akatazama reli. "Huko mnakokwenda, shangazi yako atapata kliniki?"

"Treni inafika. Hata mlango hauko mbali sana na kituo."

"Eti hauko mbali sana," shangazi akasema kutoka kwenye mkokoteni wa mizigo alikokalia. "Tumehama kutoka dakika tatu hadi dakika kumi na tisa, na bado ananiandikia matangazo."

Fundi viatu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu zile bahasha zije, kisha akanyamaza ghafla kama aliyejikuta akicheka msibani. Treni ilikuja. Ilisimama.

Katibu anaishi sasa kwenye kituo cha mwisho cha njia ileile, yeye na shangazi yake, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Anashona hapohapo. Mkataba wake ni wa mwezi kwa mwezi.